Chopin na Franck za Jacqueline du Pré na Daniel Barenboim: anza na Largo, machozi baadaye

Hii albamu watu wanaiuza kwa machozi. Ukiitafuta mtandaoni unakutana na maneno yaleyale, ndo rekodi ya mwisho ya studio ya du Pré, mara oh maskini ugonjwa, mara oh mume na mke, mpaka unafika kwenye muziki wenyewe ushajiandaa kulia na hata noti ya kwanza haijapigwa. Mi naona wanamkosea adabu yule dada. Hapa kuna chelo na piano, sonata mbili (sonata ni utunzi wa ala wenye sehemu kadhaa), moja ya mtunzi Chopin moja ya mtunzi Franck, jumla kama saa moja hivi, na ile ya Chopin imepigwa vizuri kiasi kwamba hata ungeambiwa wapigaji ni watu wasiojulikana kabisa ungeuliza hawa kina nani na wana nini kingine. Ya Franck nina maneno nayo, tutafika.

Kwa asiyewajua niseme haraka. Jacqueline du Pré Mwingereza, kazaliwa Oxford 1945, chelo alianza akiwa katoto kadogo tu. Daniel Barenboim kazaliwa Buenos Aires 1942, mpiga piano ambaye baadaye alikuja kuwa mwongoza okestra mkubwa. Walikutana London mwishoni mwa 1966 nyumbani kwa mpiga piano mwenzao Fou Ts'ong, mwaka uliofuata washaoana Jerusalem, na miaka ile ya mwisho ya sitini walikuwa wanapiga pamoja kama watu wanaofukuzwa. Halafu 1971 vidole vya Jacqueline vikaanza kupata ganzi, nguvu hazieleweki, na hakuna daktari aliyejua ni nini, wengine wakidhani mawazo tu. Akaacha kupiga miezi kadhaa. Desemba akaamka anajisikia vizuri, wakaingia studio za Abbey Road tarehe 10 na 11, siku mbili, na kilichotoka ndo hiki. Prodyuza alikuwa Suvi Raj Grubb, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya rekodi ya EMI. Inasimuliwa kwamba walipomaliza walitaka kuendelea na Beethoven, wakaanza kidogo, akasema basi, akairudisha chelo kwenye kasha. Jina la ugonjwa lilikuja kujulikana Oktoba 1973, maltipo sklerosisi, ule ambao kinga ya mwili yenyewe inashambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Alifariki 1987 akiwa na miaka 42.

Haya, hiyo hadithi ushaijua, sasa iweke pembeni tusikilize.

Chopin kwanza. Watu wengi wakisikia Chopin wanajua piano tu na wako sahihi, karibu kila alichoandika ni cha piano. Lakini kama kuna chombo kingine alichokipenda kweli basi ni chelo, na sababu mojawapo ni rafiki yake Auguste Franchomme, mpiga chelo wa Paris, ambaye ndo aliandikiwa hii sonata. Ni opus 65, yaani namba yake kwenye orodha ya kazi zake, ilichapishwa 1847, na ndo kazi ya mwisho Chopin kuichapisha akiwa hai. Ilimtesa. Kuna rundo la karatasi za majaribio alizoandika akafuta akaandika tena, mtu ambaye vitu vya piano vilikuwa vinamtoka vidoleni lakini hapa alikaa anahangaika, leo anaipenda kesho anaitupa pembeni. Tarehe 16 Februari 1848 akaipiga na Franchomme pale ukumbi wa Salle Pleyel, konseti yake ya mwisho Paris, na sehemu ya kwanza wakairuka, wakapiga zile tatu zilizobaki tu. Wiki moja baadaye mapinduzi yakalipuka mjini mfalme akakimbia, na Chopin mwenyewe mwaka uliofuata akafa.

Na hiyo sehemu ya kwanza waliyoiruka ndo ngumu kweli, kwa wapigaji na kwa msikilizaji. Ni ndefu, mawazo yanapishana, ukijisahau kidogo hujui uko wapi. Piano inaanza peke yake, inasema jambo lake kwa huzuni ya kujizuia, inapanda juu na kushuka, halafu chelo inaingia na kuuchukua ule wimbo kana kwamba ilikuwa imesimama mlangoni muda mrefu inasikiliza. Sasa hapa ndo pa kumwangalia Barenboim. Chopin ameijaza piano noti nyingi sana, kiasi kwamba mpiga piano akiamua kujionyesha chelo inazama, kwa sababu sauti ya chelo inakaa palepale katikati ambapo mkono wa kushoto wa piano na nusu ya ule wa kulia vinafanya kazi. Rekodi nyingi za hii sonata zinafia hapo, unasikia piano kubwa na kitu fulani kinakoroma nyuma yake. Barenboim anapiga noti zote, hajapunguza hata moja, ila uzito wa mkono anaubadilisha kila mara, noti za katikati anazigusa tu, ya juu na ya chini anaziacha ziseme, kwa hiyo kati yao kunabaki uwazi na chelo inapita hapo. Skiliza wimbo wa pili wa hiyo sehemu, ule mtulivu wa noti chache, du Pré anaanza chini kabisa karibu na kunong'ona na piano inashuka naye bila kuambiwa. Hapo ndo utajua hawa watu walikuwa wanaishi nyumba moja.

Skertso, yaani sehemu ya pili ya kuchangamka, inafuata, hii nyepesi kueleweka, ina mdundo wa kurukaruka, unaweza ukajikuta unatikisa kichwa. Katikati yake kuna wimbo mmoja mpana unaoimba kweli, wa furaha kidogo, na du Pré anaupiga kwa mkono mrefu wa upinde, noti moja inaingia kwenye nyingine huoni mshono. Sina zaidi ya kusema, ni nzuri, pita.

Largo sasa, ile sehemu ya tatu ya polepole. Jamani. Ni mizani 27 tu ya muziki (vile vipande vidogo vya mapigo ambavyo muziki hugawanywa), dakika nne hivi, kama una haraka ya maisha na huna saa nzima basi skiliza hii peke yake na utakuwa umepata kilicho bora kwenye albamu yote. Hakuna kinachotokea ukisimulia kwa mdomo: chelo inaimba wimbo rahisi, piano inaupokea, chelo inageuka kuwa msindikizaji, wanarudishiana tena, kwisha. Lakini fanya hivi, vaa hedifoni, mara ya kwanza mfuate du Pré tu. Utasikia kwamba ule mtetemo wa kidole chake cha kushoto kwenye uzi haufanani kila noti. Noti anayoianza anaianza karibu imenyooka, haina mtetemo, halafu katikati inaanza kupumua, na mwisho anaituliza tena kabla hajaiachia. Na akitoka noti ya chini kwenda ya juu wakati mwingine anatelezesha kidole kwenye uzi ukasikia ile njia nzima aliyopita, kitu ambacho wapigaji wengi wa siku hizi wanakikwepa wanaona ni ushamba wa zamani. Wakikwepa shauri yao. Wapiga fidla wetu wa taarab asilia kule Unguja wangemwelewa bila mkalimani, maana pale sauti isiyoteleza ni sauti isiyoimba.

Mara ya pili mfuate Barenboim. Pale anapoupokea wimbo anaupiga uwiano uleule, kasi ileile, hajauongezea sukari, ila piano haiwezi kuvuta noti kama upinde unavyovuta, ikishagongwa inaanza kufa palepale, kwa hiyo anachofanya ni kuichelewesha noti inayofuata kidogo sana, chini ya unavyoweza kuhesabu, sikio lako linajaza lenyewe. Na wakati huo chelo iko chini yake inashikilia besi. Hapo wamebadilishana nafasi na hakuna aliyegombania mbele.

Naongeza kitu kidogo hapo kuhusu chelo yenyewe. Sisi wengi chelo tunaijua ya taarab, imekaa na fidla na dabal besi, kazi yake ni kujaza kati, mara chache inapewa nafasi peke yake mbele za watu. Ukizoea hiyo halafu ukasikia hii ambapo ndo mwimbaji mkuu unashangaa sauti yote hiyo ilikuwa imefichwa wapi. Na cha kushangaza zaidi, du Pré alikuwa na chelo mbili za Stradivarius, yule fundi maarufu wa zamani wa Italia, moja ya 1712 inaitwa Davidov ambayo baada yake ilienda kwa mpiga chelo Yo-Yo Ma mpaka leo, lakini kwenye rekodi hii hakutumia hata moja kati ya hizo. Alitumia chelo mpya kabisa iliyotengenezwa 1970 Philadelphia na fundi Mtaliano, Sergio Peresson. Chombo cha mwaka mmoja! Ukiniuliza ilimfaa, maana yeye alikuwa anaukandamiza upinde kwelikweli, na vile vyombo vya miaka mia tatu vinataka kubembelezwa. Sauti ya Peresson hapa ni nene, ya kahawia hivi, haina ule mng'ao wa juu sana, na kwa Chopin inakaa vizuri mno.

Finale ya Chopin, yaani sehemu ya mwisho, ina mwendo wa ngoma, inakimbia, inaishia kwa nuru. Wanaimaliza kwa nguvu bila kelele. Basi.

Sasa Franck. Hadithi yake kwanza maana ni tamu. César Franck, Mbelgiji wa Liège aliyeishi Paris akipiga ogani kanisani, mwaka 1886 ana miaka 63 akaandika sonata ya fidla na piano akampa Eugène Ysaÿe, mpiga fidla kijana, naye Mbelgiji wa Liège, kama zawadi ya harusi. Imefikishwa kwa bwana harusi asubuhi ya siku yenyewe, na wale watu wakafanya mazoezi ya haraka wakaipiga palepale mbele ya wageni! Desemba ya mwaka huohuo ikapigwa hadharani Brussels kwenye ukumbi wa makumbusho ya picha, jioni ikaingia, taa zimekatazwa kwa sababu ya zile picha ukutani, sehemu ya kwanza ikaisha giza limeshaanza, noti hazisomeki. Ysaÿe na mpiga piano Léontine Bordes-Pène wakaendelea mpaka mwisho gizani, kwa kichwa. Kila nikikumbuka hilo naona hawa wa sasa wenye tableti zinazogeuza kurasa kwa kukanyaga pedeli wamestarehe sana.

Ila ona, ni sonata ya fidla. Toleo la chelo lilipangwa na Jules Delsart, Franck akiwa bado hai na kwa idhini yake, na sehemu ya piano ikabaki vilevile ilivyokuwa. Hapo ndo tatizo langu linapoanzia. Fidla inakaa juu ya piano, ina anga yake, inapaa. Chelo ukiipa wimbo uleule inaushusha chini ukaangukia katikati ya piano, au inaung'ang'ania huko juu kwenye uzi wa kwanza ambako lazima ijikaze. Du Pré anajitahidi, na kwenye sehemu ya kwanza hakuna shida maana ni ya kubembea taratibu, piano inaweka zile kodi zake za mwanzo (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kama maswali halafu chelo inajibu kwa upole, joto la chelo hapo linaongeza kitu ambacho fidla haina. Lakini sehemu ya pili, ile ya dhoruba, piano inavuruga chini chini kwa fujo kubwa (Franck alikuwa na mikono mikubwa balaa, kaandika kodi ambazo mtu wa mikono ya kawaida lazima azivunje vipande) na chelo inabidi ipambane kusikika. Barenboim yule aliyejizuia kwenye Chopin hapa kaachia, na simlaumu, muziki wenyewe unataka hivyo, ila kuna pahala namtafuta du Pré simwoni. Kwa masikio yangu hata upinde wake pale unakwaruza kidogo kwa ajili ya kutafuta sauti kubwa. Kuna watu watakwambia hicho kikwaruzo ndo uhai wenyewe, haya, kila mtu na sikio lake.

Sehemu ya tatu inarudisha heshima. Hii haina mwendo wa kueleweka, ni kama mtu anayewaza kwa sauti, anaanza sentensi anaiacha, anakumbuka kitu kutoka sehemu ya kwanza anakirudia kwa namna nyingine, maana Franck sonata yote ameijenga kwa mawazo machache yanayorudi rudi yamevaa nguo tofauti. Du Pré alikuwa mtu wa hivyo kwa asili, haogopi kimya, anaachia noti inaisha, anasubiri, na Barenboim hamkimbizi. Skiliza wanaposhuka taratibu kuelekea mwisho wa hiyo sehemu, sauti inapungua mpaka unaanza kuangalia simu kama imezima.

Na ya mwisho ndo ile maarufu ambayo hata asiyejua muziki huu anaweza kuwa ameisikia mahali. Piano inaanza wimbo, na chelo inaufuata uleule nyuma yake kwa hatua moja, kama watoto wanaoigizana, huyu kasema huyu karudia, na cha ajabu havigongani, vinapatana. Kwa watu wanaoishi pamoja ilibidi waipige vizuri na wameipiga vizuri, ina tabasamu. Ila hata hapa mwishoni kwenye kilele nilitamani fidla. Ndo hivyo.

Ubora wa sauti: ni tepu ya 1971, hutegemei miujiza, kuna mvumo kidogo ukipandisha volyumu, na piano kwa juu ina ukali fulani. Kwenye spika ya bluetooth ya mezani hutasikia lolote la maana, chelo itakuwa sabufa na piano itakuwa kengele. Hedifoni ya waya hata ya bei ya kawaida inatosha. Usiku jirani wakishazima miziki yao ndo muda wake.

Pa kuipata ni rahisi, katalogi ya EMI ya muziki huu siku hizi iko Warner Classics na imetolewa tena mara nyingi na makava tofauti, ziko CD, ziko dijitali. Angalia tu uandishi usije ukauziwa mkusanyiko wa vipande vipande wenye kichwa cha habari cha kulizana, ule ambao wanakuwekea Largo, halafu kipande cha konchato ya Elgar, utunzi wa chelo na okestra, halafu sijui nini. Unataka sonata mbili kamili, sehemu nne na nne, jumla naneeee. Na kama unatumia programu ya bure ya kusikilizia muziki zima ile ya kuchanganya nyimbo, maana mi programu moja (siitaji) ilinichanganyia, ikanipigia finale ya Franck kabla ya skertso ya Chopin na katikati ikaniwekea tangazo la mikopo ya simu, dada wa tangazo anapiga kelele juu ya kimya cha du Pré, nikataka kurusha simu dirishani. Lipia bando au tafuta CD.

Nyota? Chopin tano, sipunguzi. Franck tatu na nusu, ile nusu ni ya sehemu ya tatu.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu mpiga chelo Rostropovich na mpiga piano Martha Argerich, maana kila Chopin ya chelo ikitajwa lazima hao watajwe, waliirekodi 1980 kwa kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon. Ni nzuri sana na ni tofauti kabisa. Argerich naye ni mtoto wa Buenos Aires kama Barenboim, sijui kule wanawanywesha nini, ila yeye piano anaipiga kama moto na Rostropovich anajibu kwa sauti kubwa ya mtu mzima, sehemu ya kwanza pale inaeleweka haraka zaidi kwa sababu kila kitu kimeangazwa. Ukitaka kuielewa sonata anzia kwao. Largo ya kwao lakini naiona imenyooka mno, wamepita tu, na ndo maana nimerudi kwa du Pré na Barenboim na CD yao ndo niliyotoa hela yangu kununua, ile nyingine naiskiliza mtandaoni.